Koili ya Chini

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea vizuri tu. Mshale wa sekunde uliruka alama hadi alama, na ule wa dakika ulikuwa mahali unapopaswa kuwa saa tatu na nusu asubuhi. Lakini mama yake Fundi, ambaye hakuwahi kuiona saa hiyo tangu inunuliwe, aligeuza uso ukutani akauliza, "Nani kaisimamisha saa?"

"Haijasimama, mama," Fundi akajibu kutoka karakana. "Inatembea."

"Basi inatembea peku. Mimi siisikii."

Fundi akaweka chini chuma cha kulehemu, akaja sebuleni, akabandika sikio kwenye kioo cha saa. Hakusikia kitu. Akasema labda betri inakwisha, ingawa alijua, kama ajuavyo kila mtu wa vifaa, kwamba saa ikiishiwa betri husimama, hainyamazi. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupokea maelezo yoyote yatakayomruhusu kurudi kwenye kiti chake.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, na kile cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya kutengeneza magitaa. Mama alikuwa amepoteza macho miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo aliishi kwa masikio. Saa ilimwambia sebule iko wapi. Mlango wa uani, uliolia kwenye bawaba, ulimwambia nani anaingia, maana kila mtu aliufanya ulie kwa namna yake. Fimbo yake ilimwambia ukuta umefika. Na mwanawe alimpata kwa kumwita. Mara thelathini kwa siku, pengine zaidi, aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Uko wapi?" na Fundi, bila kuinua kichwa kwenye kazi, alijibu, "Niko hapa, mama." Sisemi kwamba hakuchoka kujibu. Alichoka, na akajibu.

Mtu wa tatu nyumbani alikuwa mke wake, muuguzi wa zamu ya usiku. Huyu alirudi asubuhi miguu imevimba, akalala mchana kutwa, na kelele ndogo ilimwamsha. Kwa hiyo wote watatu waliutamani ukimya. Yafaa hili lisemwe mapema, maana kuna vitu huja kwa sababu vimeitwa, hata kama aliyeita hakujua anamwita nani.

Siku mbili kabla ya saa kunyamaza, alikuja mteja mmoja aitwaye Solo, mpiga gitaa wa bendi, mtu wa maneno mengi na viatu vyeupe. Akalaza gitaa lake mezani kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, hili gitaa linanivumia kama nzi chooni. Ukumbi tunaopiga sasa una taa za mrija. Nikinyamaza kidogo tu, mmmm. Watu wanadhani nimemeza jenereta."

"Ni vinasa vyako," Fundi akasema. "Ni vya koili moja. Ndivyo vilivyo."

Kinasa ni kile kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku chache zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, na waya huo uliozungushwa ndio koili. Kinanasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Cha koili moja ndicho chenye sauti safi inayong'aa, ila kinanasa pia umeme wa taa na friji, na kuutoa kama mvumo. Waliotafuta dawa ya jambo hilo walipanga koili mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu inasikia nyuzi na mvumo. Ya chini kazi yake ni kusikia mvumo tu, na waya zake zimeunganishwa kinyume, hivyo kila mvumo unaoletwa na ya juu, ya chini inaukana. Mmoja akisema ndiyo na mwenzake akasema hapana, kwa nguvu ileile na wakati uleule, kinachobaki ni kimya.

Solo alikuwa amekuja na vinasa vitatu vya aina hiyo. Viwili vilikuwa vipya, ndani ya maboksi. Cha tatu kilikuwa cha zamani, kimefungwa kwenye leso.

"Vilinganishe, unichagulie kimoja," akasema. "Hiki cha leso nimekitoa kwenye gitaa la marehemu aliyepiga kabla yangu. Gitaa lake halikuvuma hata ukiliegemeza kwenye friji."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkimya. Mwishoni hakusema na mtu kabisa, tukadhani amenuna. Mkewe alikuwa analalamika kwamba anamshtua, anageuka tu anamkuta yuko nyuma yake." Solo akacheka. "Tunasafiri na bendi leo. Nikirudi Ijumaa nikute tayari."

Fundi alikuwa na utaratibu wake wa kulinganisha, na hakuuvunja hata alipochoka. Gitaa moja, nyuzi zilezile, spika ileile, sauti imefunguliwa kiwango kilekile. Kila alichokisikia aliandika kwenye daftari, hata kama hakikuhusu gitaa, kwa sababu alisema sauti usiyoiandika ndiyo itakayokuja kukudanganya. Na hakimu wake alikuwa mama. Alimketisha hatua mbili kutoka kwenye spika, asimwambie ni kinasa kipi, kisha akapiga nyuzi na kungoja hukumu. Wapigaji wakubwa walikuwa wakileta magitaa pale kwa ajili ya masikio ya mama, si kwa ajili ya mikono ya Fundi, naye alilijua hilo wala halikumuudhi.

Kinasa cha kwanza mama alikisikiliza akakunja pua. "Hiki kimefunikwa blanketi. Mvumo umeondoka na nusu ya gitaa."

Cha pili kilimtoa tabasamu. "Afadhali. Juu kinang'aa. Mvumo upo, lakini kwa mbali, kama jirani mwenye adabu."

Fundi akafunga cha tatu. Chuma cha kulehemu kilipogusa waya zake, ilipanda harufu ambayo hakuitambua. Haikuwa ya nta wala ya plastiki. Ilikuwa harufu nzito ya kinywa kilichofumbwa muda mrefu. Akapiga nyuzi. Sauti ikatoka safi kuliko zote alizowahi kusikia katika karakana ile, ikang'aa, ikapungua, ikaisha, na ilipoisha hapakubaki kitu chochote nyuma yake, hata ule mkwaruzo mdogo ambao spika yoyote iliyowashwa huwa nao.

Mama akasogeza kiti chake nyuma, mbali na spika.

"Kitoe," akasema.

"Kibaya?"

"Kizuri kuliko vyote. Kitoe, mwanangu. Vile viwili vimenyamaza. Hiki kinasikiliza."

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado ana kazi mbele. Lilibaki jaribio moja la mwisho. Koili iliyosukwa legelege hunasa hata maneno ya watu kama kipaza sauti, na ukumbini hupiga yowe. Kuipima, fundi hufungua sauti yote, kisha huacha kelele za kawaida ziifikie, aone kama zitatokea kwenye spika. Basi akafungua sauti yote, akashika kalamu, akangoja nyumba iseme. Saa ikagonga sekunde zake. Birika likapiga mbinja jikoni. Mlango wa uani ukalia, mke wake akitoka kuanika nguo. Mama akainuka na fimbo yake ikagonga sakafu, ko, ko. Kisha, alipofika mlangoni, akauliza kama kawaida, "Uko wapi?" Na Fundi akajibu, "Niko hapa, mama." Aliyaandika yote, moja chini ya jingine. Hakuna hata moja lililopita kwenye spika. Akamalizia kwa mstari mmoja: Haipitishi kitu. Safi.

Kisha akakifunga kinasa cha tatu kwenye gitaa la Solo, akalitundika ukutani. Mama alikuwa amekikataa, na katika miaka yote Fundi hakuwahi kuipinga hukumu yake. Lakini alitaka kazi iishe. Asubuhi ya pili yake ndiyo saa ilipoanza kutembea peku.

Siku iliyofuata mke wake aliamka saa saba mchana, akajinyoosha, akasema, "Leo nimelala. Hata birika halikunishtua."

Fundi alikumbuka kwamba birika alilibandika saa nne. Akakimbilia jikoni. Maji yalikuwa yamekaribia kukauka, kitako kimeungua, na kutoka kwenye mdomo wake wa mbinja ulikuwa ukitoka mvuke wa mwisho, kwa nguvu, bila sauti. Akalitoa, akafungua dirisha, akamwambia mkewe kwamba mbinja imeziba.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya mlango. Mama aliinua kichwa ghafla akauliza nani ameingia, na mkwewe, aliyekuwa amesimama mbele yake na mfuko wa vitunguu, akasema, "Mimi, mama. Nimepita mlangoni kama siku zote."

"Mlango haukulia."

"Labda mwanao ameutia mafuta."

Mwanao hakuwa ameutia mafuta. Akauendea, akaufungua na kuufunga mara saba, na bawaba zenye kutu zikasuguana mbele ya macho yake kwa kimya. Akarudi karakana akakaa. Mkononi alikuwa na kazi ya mtu mwingine, lakini macho yake yalikuwa kwenye gitaa la Solo pale ukutani, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba anatazamana nalo.

Siku ya nne mama alianguka. Alikuwa akitoka chumbani kwake, njia aliyoipita maelfu ya mara, akajigonga ukutani bega na uso, akashuka chini. Walimkuta ameketi sakafuni, damu inamtoka puani, ameikumbatia fimbo yake.

"Fimbo imekufa mkononi," akasema. "Nagonga, hainijibu."

Mke wake Fundi alikuwa mtu wa hospitali, haamini kitu asichokigusa. Akaichukua ile fimbo, akaipiga sakafuni kwa nguvu zake zote. Kigae kikapasuka. Walikiona kikipasuka. Hawakusikia kitu.

"Nini hiki?" akanong'ona.

Fundi alikuwa amekwisha kuelewa, na alikuwa anaogopa kuelewa. Akaenda karakana, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa kinasa cha tatu, na pale, kwa mwandiko wake mwenyewe wa haraka, akakuta saa, kisha birika, kisha mlango, kisha fimbo, kila kimoja kwenye mstari wake, kwa mpangilio uleule ambao nyumba yake ilikuwa imenyamaza siku baada ya siku, na chini ya fimbo akakuta mstari ambao angetoa chochote usiwepo, akausoma mara mbili na mara ya tatu akitumaini kwamba macho yake yamechoka tu: Mama, "Uko wapi?" Na chini yake, wa mwisho kabisa: Mimi, "Niko hapa, mama."

Akalishusha gitaa mbiombio, akakata waya, akaking'oa kile kinasa. Kilikuwa na joto, ingawa gitaa halikuwa limeunganishwa na umeme siku nne. Akakitia kwenye kopo la bati, akafunga kifuniko.

"Kinasa kisicho na waya ni kipande cha plastiki tu," akamwambia mkewe, na alisema kwa uhakika wote wa ufundi wake.

Asubuhi mama aliamka, akaketi kitandani, akafungua mdomo. Midomo ikasema maneno mawili ambayo Fundi aliyajua bila kuyasikia. Mama akangoja jibu. Akayasema tena. Akapeleka vidole kwenye koo lake mwenyewe, akalishika, akasema tena, na safari hii mishipa ya shingo ilimsimama kwa nguvu za kupiga kelele, na chumbani mle kilichosikika ni pumzi ya mkwewe tu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Kitupe," mkewe akamwambia Fundi walipotoka. "Kitupe mbali leo hii."

"Nikikitupa, ninatupa na sauti yake. Imo mle."

"Basi namleta mtu."

Aliyemleta alikuwa mganga mmoja ambaye watu walimwita Kengele, kwa sababu ya kengele ya shaba aliyofukuzia majini. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye macho ya kukosa usingizi, naye aliingia mchana wa jua kali akaomba maji kwanza. Akafukiza ubani wake karakana. Moshi ulipanda vizuri, lakini harufu haikuwa ya ubani. Ilikuwa ile ya kinywa kilichofumbwa. Akatoa kengele, akaitikisa juu ya kopo. Mlio wa kwanza ulijaa chumba. Wa pili ukatoka mdogo. Wa tatu ulikuwa kama wa nyumba ya tatu, na wa nne haukutoka kabisa, ingawa ulimi wa shaba ulikuwa ukipiga ndani ya kengele huku na huku. Mganga akaitazama kengele yake kwa uso wa mtu aliyeachishwa kazi. Akairudisha mfukoni.

"Majini wengi nimewatoa kwa kelele," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu nikimpigia kelele namwandalia meza. Hiki kitu kinafanyaje kazi, Fundi? Nieleze kama unavyomweleza mteja."

Fundi akamweleza. Koili ya juu inayoleta, koili ya chini inayokana, waya zilizogeuzwa.

"Basi anakaa huko chini. Sasa ukizigeuza hizo waya tena, hiyo ya chini iache kusema hapana?"

"Itasema ndiyo pamoja na mwenzake. Kila kilichomo kitatoka, tena maradufu."

"Atatapika," mganga akasema. "Lakini nikuambie ukweli, maana nimechoka na watu wanaolia baadaye. Jini hakubali kubaki tumbo tupu. Atataka kimoja, na asipopewa kwa hiari atachagua mwenyewe."

"Apewe saa," mke wa Fundi akasema haraka. "Apewe mlango, apewe birika. Sisi tutaishi."

"Dada yangu, hayo ni makombo. Anataka cha mtu," mganga akasema.

Kupitia mlango Fundi alimwona mama kwenye kiti chake, mikono magotini, uso umegeuka upande usio na mtu. Mama mwenye giza la miaka kumi na mmoja, na sasa hata kuita hawezi.

"Orodhani mimi ndiye ninayefuata," akasema. "Nitampa yangu."

"Usifanye hivyo," mkewe akasema. Alimshika mkono wa shati. "Tafadhali."

"Nimezungumza na wapiga magitaa miaka ishirini. Acha nipumzike kidogo." Alijaribu kutabasamu. Mkewe hakutabasamu, lakini mkono wake uliachia.

Akawasha chuma cha kulehemu. Akakifungua kinasa, akazitafuta waya mbili za koili ya chini, nyembamba kama utando, akazibandua na kuzilehemu upya, hii mahali pa ile, mikono yake ikifanya kazi kwa utulivu ambao moyo wake haukuwa nao. Akaunganisha spika, akafungua sauti yote, na kwa muda wa pumzi moja hapakuwa na kitu, kisha ukaja mvumo, ule mvumo wa zamani ambao watu hulipa uondolewe, ukaja kutoka mbali kama lori lililo barabara ya pili, ukapanda kwenye miguu ya meza na kwenye meno yao, na ndani ya mvumo ikatoka saa ikigonga sekunde zote za siku nne kwa mara moja, na mbinja ya birika, na mlango ukilia na kulia, na fimbo, na kengele ya shaba iliyoanza kulia yenyewe mfukoni mwa mganga, na nyuma ya hayo sauti ya mwanamume wasiyemjua akimwita mkewe kwa jina la mapenzi, akimsihi ageuke, yuko hapa nyuma yake, ageuke amwone, na mwisho wa yote, wazi, mbele ya zote, "Uko wapi?" ikatoka kwenye spika, na papo hapo kule sebuleni mama naye akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Uko wapi?"

"Sasa," mganga akasema.

Fundi akainama juu ya kinasa, midomo karibu kuigusa sumaku, akatoa alichokuwa nacho. "Niko hapa, mama."

Mvumo ukakatika.

Saa ikasikika. Friji ikasikika. Mama akawa analia kwa kwikwi na kusema, na mkwewe akakimbia kumkumbatia. Fundi akafungua mdomo kusema ashukuriwe Mungu, na hakikutoka kitu, kama alivyotarajia. Ambacho hakukitarajia ni kwamba alipotembea kwenda sebuleni viatu vyake havikugonga sakafu. Akapiga makofi. Akapiga meza kwa ngumi. Akapumua mbele ya mkono wa mkewe, akaona mkewe anahisi joto na hasikii pumzi. Alidhani anatoa sauti ya mdomo tu. Jini alikuwa amechukua chake chote.

"Nipe kilichokula," mganga akasema, akiwa tayari na kitambaa.

Fundi akazitenganisha zile koili kwa kisu, akampa ile ya chini. Mganga akaifunga mafundo saba, akauliza, "Ni hii tu?" na Fundi akaitikia kwa kichwa. Ile ya juu ilibaki mezani. Waya wake ulikuwa mzima, sumaku zake kali, na ilikuwa imesukwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Fundi wa kweli hatupi kitu kizima. Akaitia kwenye droo, pamoja na skrubu na vitufe vya miaka ishirini.

Solo alirudi Ijumaa, akapata gitaa lake na kinasa cha pili, kile cha jirani mwenye adabu. Alisema Fundi amekuwa mkimya siku hizi. Akadhani amenuna.

Mama walimweleza kila kitu. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alimwita mwanawe kwa kumpapasa hewani, akaushika mkono wake, akapita kwenye vidole kimoja kimoja, akitafuta makovu madogo ya kulehemu aliyokuwa akiyafahamu. "Ndiyo wewe," akasema. Basi wakapatana. Akiuliza yuko wapi, Fundi atakuja amguse kiganjani kwa kidole, mara moja. Maana yake, niko hapa. Ilimlazimu kuacha kazi mara thelathini kwa siku, aende sebuleni na kurudi, naye alichoka, na alienda.

Zilipita wiki tatu hivyo. Mchana mmoja, mkewe akiwa amelala, Fundi alikaa kwenye kigoda miguuni mwa mama, amemshika mkono. Saa ilikuwa ikigonga vizuri. Mama alikuwa amesinzia, akazinduka, na kwa mazoea yake akauliza:

"Uko wapi?"

Fundi akamgonga kiganjani mara moja.

"Niko hapa, mama."

Sauti ilitoka karakana, upande wa droo. Ilikuwa yake, na uchovu wake ndani yake, na ule mtindo wake wa kujibu bila kuinua kichwa.

Uso wa mama ukafunguka. Akageukia karakana, machozi yakamjaa. "Imerudi," akasema. "Sauti yako imerudi, mwanangu."

Fundi akamgonga kiganjani. Akamgonga tena, mara tatu, mara kumi, akaupeleka ule mkono usoni kwake ili apapase, akatikisa kichwa ndani ya viganja vyake.

"Niko hapa, mama," sauti ikasema. "Njoo huku."

Tabasamu la mama likakaa kidogo, kisha likapungua taratibu. Akauvuta mkono wake kutoka kwa Fundi, akaupangusa kwenye gauni, akaukunja kifuani. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya chini sana, ameelekeza uso karakana.

"Mwanangu, kama wewe uko huko, huyu aliyenishika mkono ni nani?"